Sega la Mlembe

Mtu wa kumi na tisa anaitwa Mihayo, wa Ipole,
mrina asali, kikohozi cha wiki sita.
Namwambia: vua shati, kidevu juu,
mabega mbele kama unayekumbatia gogo.
Anacheka. "Hilo nalijua, kijana."
Namwambia: vuta pumzi, ishike.
Anaishika kama mtu aliyezoea moshi.

Sekunde nane, kioo kinawaka.
Akili mnemba haivai koti, haisalimii.
Inapaka wekundu juu ya pafu la kushoto
na kuandika pembeni: tisini na moja kwa mia.
Na mimi, miaka kumi na minne ndani ya chumba hiki,
nimeshaanza kumtafutia barakoa.

Sitaki kuisema vibaya.
Naikumbuka miaka ya bahasha za kaki,
picha zikipanda treni usiku kutoka Tabora
kwenda Dar es Salaam kumtafuta wa kuzisoma,
na sisi huku tukihesabu Jumatatu.
Ya dada yangu Nyanzala ilirudi siku ya ishirini na sita.
Maandishi mazuri, muhuri umenyooka.
Nilisaini kuipokea.
Tulikuwa tumeshaanua matanga.

Kwa hiyo kitu kisicholala,
kisichokwenda semina Dodoma,
kisichoniambia njoo kesho,
mimi nakiamkia.
Kila asubuhi nakifuta vumbi kabla ya meza yangu.

Daktari Kalunde anaingia na chai mkononi.
Haangalii namba. Anaiziba kwa kidole gumba,
ndiyo tabia yake, kama mtoto anayefunika majibu
nyuma ya kitabu cha hesabu,
anaitazama picha tupu, kimya,
mpaka chai inaacha kutoa mvuke.
Kisha ananigeukia:
"Ulipompiga, alikuwa na nini shingoni?"

Uso wangu unapata moto.
Hirizi. Kipande cha ngozi kilichofungwa kwa waya wa shaba,
kiliteleza nyuma ya bega alipoinua kidevu, sikukiona.
Kinga aliyovishwa na mama yake
ndiyo iliyoishtua mashine.

Tunampiga upya. Kumi na mbili kwa mia.
Wekundu umefutika. Mashine imeridhika.
Daktari hajaridhika.
"Ukicheka, panauma wapi?"
Mihayo anagusa ubavu wa kulia, chini,
na hapo hadithi inatoka kidogo kidogo:
mti wa mninga, mzinga wa tano, tawi bovu, mwezi wa Agosti;
mkewe hajaambiwa mpaka leo.
Mbavu mbili zimeunga vibaya,
zinaonekana wazi kabisa ukishajua,
na chini yake maji, si mengi.
Mashine ilizipita.
Haikudanganya. Ilitumwa kifua kikuu, ikatafuta kifua kikuu.
Hakuna aliyeifundisha kuuliza
mtu ameanguka wapi.

Makohozi yake yatakwenda maabara vilevile.
Majibu kesho kutwa.

Anavaa hirizi, kisha shati, kwa mpangilio huo.
Namweleza, kwa aibu, kompyuta ilivyotukimbiza.
"Ah," anasema, "huyo ni mlembe.
Anaita, unamfuata. Leo asali,
kesho anakufikisha mlangoni kwa koboko.
Lakini humfukuzi, maana peke yako
utazunguka pori hadi jua lizame.
Nyie mnamwachia sega lake?"

Sina jibu.

Daktari Kalunde ameinamia kibodi,
anachapa kwa vidole viwili ndani ya kile kisanduku
ambacho sisi wengine huwa tunakiruka:
Si ugonjwa. Ni hirizi. Angalieni na mbavu.
Anabonyeza tuma.
Mtandao unazunguka, unazunguka, unakubali.

"Wa ishirini!" naita.
Na kabla sijamwambia avue shati
namwangalia shingo.